Elimu kwa Umma: Kabla Hujalitoa Gari Lako la Haibridi Kuwa Msaada

Mwishoni mwa kikao kimoja cha kukusanya maoni ya wananchi huko Tezo, baada ya habari za barabara na maji kumalizika, mzee mmoja alibaki nyuma akiwa na swali ambalo halikuwa kwenye ajenda. Kijana wake anahamia ng'ambo kikazi na hataki kuliuza gari lake. Anataka kulitoa kwa kikundi cha kijijini kinachowapeleka wagonjwa na wazee hospitalini. Gari lenyewe ni haibridi ya plagi, yaani lile linalotumia petroli lakini pia huchomekwa kwenye stima likachajiwa. Mzee aliuliza mambo mawili: aende ofisi gani, na je, kikundi kitaliweza gari la namna hiyo?

Swali la kwanza lina majibu kwenye sheria na tutayaeleza. La pili ndilo zito zaidi. Wengi wetu tunaposikia neno msaada tunafikiri kazi ya mtoaji inaishia pale anapokabidhi ufunguo. Kwa gari si hivyo. Gari lina jina la mtu kwenye sajili ya serikali, lina bima, lina spea, na hili la haibridi lina betri kubwa ambayo si kila fundi wa gereji anaijua. Likitolewa ovyo, mtoaji hubaki na kesi na mpokeaji hubaki na chuma kilichoegeshwa chini ya mkorosho.

Gari hili ni la aina gani

Haibridi za kawaida, zile ambazo zimeshazoeleka barabarani, hazichomekwi popote. Betri yake ndogo hujazwa na injini na kwa breki gari linapopunguza mwendo. Haibridi ya plagi ina betri kubwa zaidi na tundu la kuchajia ubavuni. Ikichajiwa, hutembea kwa umeme mtupu kwa safari fupi. Chaji ikiisha, injini ya petroli hushika kazi na gari huendelea kama haibridi yoyote.

Zinazofika nchini kwetu nyingi ni mitumba kutoka Japani. Mbili zinazotajwa sana ni Mitsubishi Outlander PHEV na Toyota Prius PHV. Outlander ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ina injini ya lita 2.0 na betri ya uniti 12 za umeme. Prius PHV ya kizazi cha pili, ya mwaka 2017, ina injini ya lita 1.8 na betri ya uniti 8.8. Uniti hizi ni zile zile unazonunua kwa tokeni, kwa hivyo hesabu ni rahisi: kujaza betri tupu ya Outlander kunakula uniti zipatazo 12, na kidogo zaidi kwa ule umeme unaopotea kama joto. Zidisha kwa bei unayolipa wewe kwa uniti moja, kisha linganisha na bei ya petroli.

Kwa kikundi kama kile cha mzee wetu, hesabu hiyo inaweza kuwa nzuri sana. Safari ya kutoka Tezo au Mtondia hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kilifi na kurudi ni fupi. Hata betri iliyochoka kidogo inaweza kuifanya kwa umeme mtupu kabla injini haijaamka. Mgonjwa anapopewa rufaa ya Mombasa, hakuna wasiwasi wa kukwama njiani, maana petroli ipo. Hapo ndipo gari la namna hii linalizidi la umeme pekee katika mazingira yetu.

Sasa upande wa pili. Betri hizi za lithiamu huchoka kwa umri na kwa joto, na Pwani joto tunalo la kutosha. Outlander mpya ilipimwa Japani ikaonekana kutembea kilomita 60 kwa chaji moja. Hicho ni kipimo cha maabara. Gari lenye miaka 8 au 10, likiwa na feni ya kupoza hewa inayofanya kazi mchana wa Januari, halitafika huko. Kwa hiyo, kabla ya kusaini chochote, betri ipimwe. Fundi mwenye skana inayosoma mfumo wa haibridi huchomeka kifaa chake chini ya usukani na kusoma uwezo uliobaki. Kwa Outlander ya kwanza, betri mpya husoma takriban ampia 40 kwa saa. Ikisoma 27, theluthi moja ya betri imekwenda. Si lazima hilo liwe sababu ya kukataa gari, bali mpokeaji anastahili kuijua namba hiyo kabla ya kulipokea, na mtoaji muungwana humpa karatasi ya vipimo pamoja na ufunguo.

Jambo jingine dogo ambalo limewafanya watu waamini gari limekufa: ndani ya gari hili kuna betri mbili. Ile kubwa ndiyo ya kuendesha, lakini kuna nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote, na ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Hii ndogo ikiisha, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa tele. Gari likikaa wiki kadhaa bila kuguswa likingoja karatasi zikamilike, mara nyingi ni hii ndogo inayolala. Bei yake ni ya kawaida. Msikimbilie kumwita dalali wa vyuma chakavu.

Nyaya zenye rangi ya machungwa, hata hivyo, ni habari nyingine. Hizo hubeba volti mia kadhaa na zinaweza kuua. Fundi ambaye hajafunzwa asizifungue, hata kama amekuwa akitengeneza magari tangu kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991. Uliza mapema: fundi wa haibridi aliye karibu yuko wapi? Kama jibu ni Mombasa peke yake, kikundi kiweke hilo kwenye bajeti.

Stima ya kuchajia

Gari lililotoka Japani huja na waya wake wa kuchajia uliotengenezewa umeme wa huko. Nyumba za Japani hutumia volti 100, na laini za volti 200 kwa vifaa vikubwa. Sisi tunatumia 240, na soketi yetu ya miguu mitatu ni ya ampia 13. Usibadilishe plagi tu ukachomeka. Mwambie fundi umeme mwenye leseni asome kibandiko cha waya huo, ahakikishe unakubali volti zetu, na kama haukubali, ununuliwe mwingine unaokubali. Kisha aweke laini ya peke yake kutoka kwenye bodi ya swichi, yenye kinga yake ya kukata umeme.

Kwa nini tunasisitiza? Kuchaji Outlander huchukua takriban saa nne na gari huvuta karibu kilowati 3 muda wote huo. Ni kama kuwasha pasi mbili au tatu kwa wakati mmoja, uziache saa nne bila kupumzika. Soketi kuukuu iliyolegea, au waya wa kurefushia ulionunuliwa sokoni, utachemka na kuyeyuka. Ofisi nyingi za vikundi vyetu ni chumba kimoja cha kukodi kilichounganishiwa stima kutoka nyumba ya jirani. Hapo pasichajiwe gari. Gari litatembea kwa petroli mpaka mahali pa kuchajia papatikane, na hakuna kitakachoharibika.

Kuna faida moja ya Outlander hizi ambayo wachache wanaijua. Baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya mwaka 2011, magari ya umeme yalipelekwa maeneo yaliyoathirika Japani kwa sababu petroli ilikuwa haba, na ikaonekana wazi kwamba gari lenye betri kubwa lingeweza pia kuwapa watu umeme kama lingekuwa na soketi. Ndiyo maana Outlander za soko la Japani zinaweza kuwa na soketi ndani, ya hadi wati 1,500. Kwa zahanati ambayo stima hupotea mara kwa mara, hilo si jambo dogo. Lakini soketi hiyo hutoa volti 100. Friji ya chanjo ya volti 240 haiwezi kuchomekwa moja kwa moja, inahitaji transfoma ya kupandisha volti na ushauri wa fundi. Taa za dharura na chaja nyingi za simu, ambazo huandikwa kuwa zinakubali kati ya volti 100 na 240, hazina shida.

Na Prius? Ni gari zuri la lami. Kwa anayeishi kandokando ya barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi litafaa. Ukiingia ndani kwenye njia za mchanga na makorongo wakati wa masika, tumbo lake liko chini mno. Tusimpe mtu gari kwa sababu tu sisi hatulihitaji tena.

Jina lako liko kwenye logibuku

Nitoke kidogo kwenye lugha ya ofisi. Mjomba wangu alitoa pikapu yake kwa shule moja, miaka mingi iliyopita. Palikuwa na sherehe, picha zikapigwa, mwalimu mkuu akashukuru, ufunguo ukakabidhiwa. Jina halikubadilishwa, kila upande ukidhani mwenzake atalishughulikia. Baada ya miaka mitatu pikapu ikamgonga mwendesha bodaboda, na karatasi za mahakama zikaja nyumbani kwa mjomba. Pikapu haikuwa na bima siku hiyo. Alishinda mwishowe, lakini alimlipa wakili, akasafiri kwenda mahakamani mara nyingi, na hadi leo hataki kusikia neno msaada.

Sheria ya Trafiki, sura ya 403 ya sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 8 kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake huchukuliwa kuwa ndiye mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kifungu cha 9 kinamtaka mwenye gari amjulishe msajili ndani ya siku 7 baada ya kulihamisha, na gari haliruhusiwi kuendelea kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa. Sheria haitofautishi kati ya kuuza na kutoa bure.

Kuhamisha umiliki siku hizi hufanywa kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, ambako huduma hizo zilihamia mwaka 2023 kutoka mfumo wa zamani wa TIMS. Mtoaji huanzisha maombi kwa akaunti yake, mpokeaji huyakubali kwa akaunti yake, ada hulipwa kulingana na ukubwa wa injini, na logibuku mpya hutolewa kwa jina la mpokeaji. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre ya mjini Kilifi. Angalizo: usimpe mtu nywila yako ya eCitizen ili akufanyie kwa niaba yako, awe ni kijana wa saiba au afisa wa kikundi.

Pale vikundi vingi hukwama ni hapa: mpokeaji ni lazima awe na PIN ya KRA. Shirika likikosa PIN yake lenyewe, kishawishi huwa ni kuliandikisha gari kwa jina la mwenyekiti au mweka hazina. Tafadhali msikubali. Gari likiwa kwa jina la mwenyekiti, ni la mwenyekiti. Akifariki litaingia kwenye mirathi yake, akidaiwa linaweza kukamatwa kwa deni lake, na mkigombana naye hamna pa kusimama. Kikundi kipate PIN yake kwanza, hata kama itachelewesha sherehe kwa mwezi mmoja.

Kabla ya kufika kwenye eCitizen, angalia pia kama gari lina deni. Ukiwa ulilinunua kwa mkopo, benki huwa imeandikwa pamoja nawe kwenye logibuku na lazima ijiondoe. Mikopo midogo ya kuwekea rehani logibuku husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, na mpokeaji ana haki ya kutafuta kwenye sajili hiyo kabla ya kupokea. Ikiwa gari ni la marehemu, familia haiwezi kulitoa kwa makubaliano ya kikao cha nyumbani pekee. Barua ya chifu ni mwanzo tu, mahakama ndiyo inayompa msimamizi wa mirathi mamlaka.

Kwa wakaazi wetu waliotoka nje ya nchi, na Malindi na Watamu tunao wengi, kuna jambo la ziada. Gari lililoingia bila kulipiwa ushuru, kwa mfano la afisa wa kibalozi, au lililoingia kwa kibali cha muda, haliwezi kutolewa hivi hivi. Msamaha ule ulikuwa wa mtu au wa matumizi fulani, na gari likibadilisha mikono ushuru unaweza kudaiwa. Nenda forodha kwanza.

Siku ya kukabidhi, andikeni hati fupi ya zawadi: nambari ya usajili, nambari ya chasi, kilomita zilizosomwa, hali ya betri, tarehe na hata saa. Saa ni muhimu. Ajali ikitokea jioni ya siku hiyo, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa na gari. Watie sahihi mtoaji, maafisa wawili wa shirika na mashahidi, ikiwezekana mbele ya wakili. Bima ya mtoaji haimfuati mpokeaji. Shirika linunue bima yake kabla gari halijatoka getini, angalau ile ya kulinda mtu wa tatu ambayo sura ya 405 inailazimisha, na mtoaji aijulishe kampuni yake asitishe yake. Na kama shirika litakuwa linatoza nauli, hata ya kuchangia mafuta, liiambie kampuni ya bima wazi na liulize kuhusu leseni ya kubeba abiria. Bima iliyochukuliwa kwa matumizi ya binafsi inaweza kukataa kulipa pale gari lilipokuwa likibeba watu kwa malipo.

Unampa nani?

Msamaria mwema hutapeliwa kirahisi kwa sababu haya humzuia kuuliza maswali. Uliza. Shirika la kweli lina cheti, nacho hutegemea aina yake. Mashirika yaliyoitwa NGO sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilikaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya kijamii vya mashinani, kama vile vya kina mama, vijana au watu wenye ulemavu, husajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 kupitia afisi ya maendeleo ya jamii. Makanisa, misikiti na vyama vingi husajiliwa na Msajili wa Vyama. Shirika la Msalaba Mwekundu lina sheria yake lenyewe, tangu mwaka 1965. Anayekuambia cheti kiko njiani, mwambie na gari pia liko njiani.

Zaidi ya cheti, kuna maswali ambayo kwa maoni yetu ni bora kuliko cheti. Dereva ni nani, na leseni yake ni ya daraja gani? Gari litalala wapi? Petroli ya mwezi wa kwanza itatoka mfuko gani? Nani ataidhinisha safari, na je, kuna daftari la safari? Kikundi kisichoweza kujibu haya hakijawa tayari. Si dhambi kutokuwa tayari.

Ukiamua kutoa kwa shule ya umma, zahanati au idara ya kaunti, usimalizane na mkuu wa kituo peke yake. Mali ya umma lazima iingizwe kwenye rejista ya mali, vinginevyo hakuna pesa ya bima wala matengenezo itakayotengwa kwa ajili yake. Andika barua kwa idara husika na usubiri jibu la maandishi.

Na kodi je?

Wapo waliosoma kwamba ukitoa gari kwa shirika unapunguziwa kodi. Hiyo ni habari ya Marekani, ambako kutoa gari kuukuu ni desturi kubwa. Kule mashirika mengi hayalitumii gari lenyewe: huliuza mnadani na kuchukua pesa. Watu walizoea kujipandishia bei ya mikebe yao, mpaka sheria ikabadilishwa kuanzia mwaka 2005. Kwa kawaida sasa, gari likidaiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza, mtoaji hupunguziwa kwa kiasi kile kile kilichopatikana kwenye mauzo.

Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2007 kuhusu michango ya hisani zilizungumzia mchango wa fedha taslimu, tena kwa shirika ambalo mapato yake yamesamehewa kodi na KRA. Mwaka 2024 kanuni mpya zilichukua nafasi ya hizo. Mtu anayetaka kudai punguzo aiandikie KRA kabla ya kutoa, na amwombe mpokeaji cheti chake cha msamaha wa kodi. Kikundi kidogo cha kijijini kwa kawaida hakina cheti hicho. Toa kwa sababu unataka kutoa.

Na hapa tuseme lile ambalo watu husita kumwambia mtoaji usoni. Mara nyingine msaada bora ni bei ya gari. Ikiwa betri imechoka, fundi yuko mbali na kikundi hakina pa kuchajia, uza gari kwa anayeliweza, kisha upeleke pesa kwenye akaunti ya shirika, au kwa nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la shirika, si ya simu ya mtu. Pesa hiyo inaweza kununua pikipiki ya magurudumu matatu ambayo kila fundi wa Tezo anaijua, au kulipia safari nyingi za wagonjwa kwenye magari yaliyopo. Picha ya sherehe haitakuwa nzuri sana, ni kweli.

Hali kadhalika kwa walio ughaibuni wanaofikiria kununua gari huko na kulisafirisha. Gari la mtumba halikubaliwi kuingia Kenya likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na liwe na usukani wa kulia. Neno msaada halifuti ushuru. Msamaha huombwa na kuidhinishwa kabla meli haijatia nanga Mombasa, kwa sababu likishafika bandarini gharama za kulihifadhi huhesabiwa kwa siku na kikundi kilichokuwa kikingoja zawadi hujikuta kinachanga ili kuikomboa.

Siku betri itakapokufa kabisa

Siku hiyo itakuja, na ni vizuri ijadiliwe siku ya kupokea. Betri mpya ya haibridi ya plagi inaweza kugharimu sehemu kubwa ya thamani ya gari zima. Mara nyingi seli chache ndizo mbovu na fundi aliyebobea anaweza kuzibadilisha, kwa hivyo usikubali hukumu ya fundi mmoja. Ikishindikana kabisa, betri hiyo si chuma chakavu. Haitupwi jaani, haichomwi, haifukiwi shambani, na haipewi vijana waipasue kutafuta shaba. Inaweza kulipuka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inataka taka za namna hii zishughulikiwe na mwenye leseni ya NEMA. Ofisi ya NEMA ndiyo ya kuulizwa.

Chumvi ya bahari nayo inakula. Gari linaloegeshwa karibu na ufuo lioshwe tumboni kwa maji baridi mara kwa mara, na tundu la kuchajia lifunikwe. Wakati wa mafuriko lisipitishwe kwenye maji yanayofika sakafuni. Haibridi iliyoingia maji isiwashwe wala kuchajiwa mpaka ikaguliwe.

Mzee wa Tezo tulimpa jibu hili kwa kifupi siku ile, tukiwa tumesimama nje. Alipofika nyumbani alimpigia kijana wake. Ilibainika kwamba logibuku bado ina jina la benki ingawa mkopo ulishalipwa, na kwamba kikundi hakina PIN. Kijana ameiandikia benki. Maafisa wa kikundi wameanza kutafuta PIN. Gari bado liko kwao, betri ndogo imechomolewa, na mzee anasema ameshampata fundi mwenye skana, atapita Jumamosi.

Msomaji mwenye swali kuhusu usajili wa kikundi chake aanzie kwa msimamizi wa wadi yake au afisi ya maendeleo ya jamii. Aje na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano uliowachagua maafisa, na nakala za vitambulisho vyao.